Vifaa vya Simu Safarini: Kwanza Sauti Ifike Nyumbani

Juma hili tunajibu swali lililotufikia kutoka Ikinga, wilayani Ileje, mkoani Songwe. Msomaji wetu anaeleza kwamba baba yake mzazi amejaaliwa kupata nafasi ya kwenda Hijja. Watoto wamechangishana wakamnunulia simu janja, na fedha kidogo imebaki. Mmoja anataka inunuliwe kamera ndogo pamoja na fimbo ya kupigia selfi. Mwingine anataka pawabenki kubwa kuliko zote zilizopo Tunduma. Wa tatu, ambaye ni mwalimu, amejitolea kumwazima mzee kishikwambi alichokabidhiwa kazini. Wanatuuliza: lipi litangulie?

Swali hili si la familia moja. Mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya, kijana anayekwenda chuo Dar es Salaam, mfanyabiashara anayevuka Isongole kuingia Malawi au Tunduma kuingia Nakonde, wote hao wamebeba simu ambayo ndiyo pochi yao na ndiyo daftari lao la namba. Simu ikizimika njiani, msafiri hana nauli, hana namba ya mwenyeji wake, na walioachwa nyumbani hulala macho.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba kifaa cha safari kipimwe kwa haja ya yule anayesubiri habari nyumbani. Kinachofanya sauti ifike kitangulie. Kinachoilinda simu kifuate. Cha kupigia picha kije mwisho. Kisichoingia katika mafungu hayo matatu ni mzigo, na huenda kikawa israfu.

Chaji ndiyo roho ya simu

Kifaa cha kwanza tunachokipendekeza ni cha bei ndogo na wengi tunacho nyumbani: kitochi. Simu hii ya vitufe hukaa na chaji kwa siku kadhaa, ina tochi, na mzee ameizoea. Kwa safari ya hapa nchini, laini moja iwekwe humo, na simu janja ibaki kwa matumizi mengine. Pamoja na kitochi kuwe na karatasi ngumu iliyoandikwa kwa kalamu jina la msafiri, namba tatu za jamaa na namba ya kiongozi wa msafara. Karatasi haiishi chaji.

Kifaa cha pili ni pawabenki, na hapa wengi hudanganywa na ukubwa wa namba. Namba inayoandikwa na kufuatiwa na herufi mAh hueleza kiasi cha umeme kilichohifadhiwa ndani, lakini si chote kinachofika kwenye simu. Sehemu yake hupotea njiani kwa joto na kwa kubadilishwa nguvu. Pawabenki ya kweli ya 10,000 itaijaza simu yenye betri ya 5,000 mara moja na kuongeza kidogo, si mara mbili kamili. Kwa basi la kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, hiyo inatosha. Mabasi mengi siku hizi yana matundu ya kuchajia, lakini aliyewahi kusafiri anajua kwamba tundu la kiti chake linaweza kuwa bovu.

Anayepanda ndege ana hesabu nyingine. Kanuni za usafiri wa anga huipima pawabenki kwa wati-saa, yaani Wh. Chukua namba ya mAh, zidisha kwa 3.7, kisha gawa kwa 1,000. Ya 20,000 ni wati-saa 74. Isiyozidi 100 huruhusiwa katika mkoba wa mkononi; kati ya 100 na 160 hutakiwa idhini ya shirika la ndege; zaidi ya 160 hairuhusiwi kwa abiria. Tena haiwekwi kamwe katika begi linalopelekwa tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ya namna hiyo ikishika moto huko hakuna wa kuuzima mapema. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla ya kuruka. Watu wote waliokolewa, na wachunguzi walielekeza kidole kwenye pawabenki. Tangu Oktoba 2025 shirika la Emirates halimruhusu abiria kuitumia pawabenki wala kuichaji ndani ya ndege, ingawa kubeba moja isiyozidi wati-saa 100 kumeruhusiwa. Mashirika mengine nayo yamekaza masharti, hivyo msafara uulize kabla ya kufunga mizigo.

Basi ndugu anayetaka pawabenki kubwa kuliko zote Tunduma aifanye hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha. Iliyoandikwa 50,000, kama ni ya kweli, ina wati-saa 185 na itabaki uwanja wa ndege. Kama ni ya uongo, haifai kununuliwa. Ya 10,000 iliyo ya kweli inamtosha mzee wetu.

Kifaa cha tatu ni waya. Simu nyingi hulaumiwa kuwa betri imekufa, kumbe uliokufa ni waya. Zichukuliwe waya mbili, fupi moja ya kutumia na pawabenki na ndefu moja ya ukutani. Simu, vishikwambi na kamera nyingi za sasa hutumia tundu la taipu-C, na hata iPhone zimehamia huko tangu mwaka 2023. Familia ikichagua vifaa vya tundu moja, msafiri anabeba chaja moja badala ya tatu.

Kuhusu soketi, Saudi Arabia hutumia plagi ya pini tatu za bapa kama yetu, na Malawi pia. Lakini ndege ikipitia Addis Ababa au Istanbul, matundu ya huko ni mawili ya mviringo, kwa hiyo adapta ndogo moja ina manufaa. Chaja yenyewe itazamwe maandishi yake: ikiandikwa 100 hadi 240 V na 50/60 Hz, inafaa kokote aendako. Katika mahema ya Mina watu ni wengi na soketi ni chache. Soketi ya kuunganisha yenye matundu matatu au manne humsaidia mwenyewe na jirani yake, na hiyo ni sadaka nyepesi.

Mipakani kuna jambo jingine. Simu iliyo karibu na mpaka wa Ileje au Tunduma hudaka mtandao wa nchi jirani, ikala salio na kuishiwa chaji mapema kwa kutafuta mnara. Msafiri achague mtandao wake kwa mkono katika mipangilio ya simu, na afunge data za ugenini. Anayevuka kwenda Nakonde, ambako tangu Oktoba 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha na Tunduma, mara nyingi hubadilisha laini. Hapo hujulikana thamani ya kile kipini chembamba cha kufungulia tundu la laini. Kifungwe pamoja na funguo, na laini iliyotolewa iwekwe katika kijaluba, si katika mkunjo wa noti.

Kuilinda simu na hali ya nchi

Ileje ni nchi ya milima, mvua na baridi; kiangazi kina vumbi. Kava la mpira lenye kingo zilizoinuka na kioo cha kinga, ambacho wauzaji hukiita protekta, ni gharama ndogo ukilinganisha na kubadilisha kioo cha simu. Mfuko wa plastiki wa kuzuia maji wenye kifungio na kamba ya shingoni unafaa kwa abiria wa bodaboda katika mvua, na unafaa pia kwa mwenye kutia udhu mahali penye msongamano.

Kwa Hujaji mwanamume kuna jambo ambalo vijana husahau: ihramu haina mfuko. Mzee aliyevaa shuka mbili zisizoshonwa ataiweka wapi simu? Ndiyo maana mkanda wa ihramu wenye vijaluba vya zipu tunauhesabu kuwa muhimu kuliko kamera. Ndani yake hukaa simu, karatasi ya namba na kitambulisho, navyo hubaki mwilini hata katika umati. Simu hiyo ina kazi za ibada pia: kibali cha kuingia Rawdha katika Msikiti wa Mtume, Madina, huombwa kwa programu ya Nusuk, na programu haifunguki katika simu iliyozimika.

Joto nalo ni adui. Kampuni ya Apple huelekeza simu zake zitumike katika joto lisilozidi nyuzi 35. Juni 2024, siku za Hijja, kipimo katika Msikiti Mtakatifu wa Makka kilifikia nyuzi 51.8. Simu isiachwe juani wala ndani ya gari, na isichajiwe chini ya mto au ndani ya kitambaa kizito. Ikipata joto kali, izimwe na iwekwe kivulini. Isiingizwe katika friji wala kumwagiwa maji.

Wenye kamera waangalie pia mabadiliko ya hewa. Kamera iliyotoka katika baridi ikafunguliwa ghafla penye joto na unyevu hupata ukungu ndani ya lenzi. Iachwe katika begi lililofungwa hadi ipate joto la mahali hapo. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokutwa katika maboksi ya viatu vipya visitupwe. Viwekwe katika begi la kamera, kwani hufyonza unyevu. Viwekwe mbali na watoto.

Kununua kwa busara

Tunduma ni mlango wa bidhaa za kila aina, nzuri na bandia. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizizima simu bandia nchini, na hadi leo mnunuzi wa simu anaweza kubonyeza *#06#, akapata namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 ili kujua uhalali wake. Chaja na pawabenki hazina IMEI. Bandia hakuna anayezizima. Hujizima zenyewe, na wakati mwingine huizima simu.

Kwa hiyo mnunuzi aende dukani na simu yake, achomeke kila kitu na kukijaribu papo hapo, apewe risiti, na ajihadhari na pawabenki kubwa iliyo nyepesi kama boksi tupu. Chaja inayochemka kiasi cha kuunguza kidole, au inayofanya kioo kujigusagusa chenyewe, irudishwe. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika umeme ughali huo unaweza kuwa nyumba.

Picha na amana

Hatukatazi picha. Wajukuu wataipenda picha ya babu yao akiwa Madina, na simu janja waliyomnunulia inatosha kuipiga. Badala ya kamera, inunuliwe kadi ya kumbukumbu iliyo halisi, kama simu yake ina nafasi ya kadi, na picha za pasipoti na viza zihifadhiwe humo pamoja na nakala za karatasi. Fimbo ya selfi tunaiweka kando kabisa. Katika Tawafu na Saai, fimbo ndefu mikononi mwa mtu anayetazama kioo ni hatari kwa macho na migongo ya wengine, na wasimamizi wa Misikiti Mitukufu huwakemea wenye kupiga picha humo. Hata huku kwetu, vituo vya mipakani na majengo ya ulinzi havipigwi picha bila ruhusa, na mtu asiyekubali uso wake kupigwa ana haki ya kuheshimiwa.

Kuhusu kishikwambi cha mwalimu, jibu letu ni fupi. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022, na walimu wakagawiwa baadaye, ni mali ya umma kwa kazi maalumu. Kukisafirisha nje ya nchi kwa shughuli ya familia ni kuigusa amana. Maandishi makubwa yanapatikana katika mipangilio ya simu ya mzee, na dua zinaweza kupakuliwa mapema ili asihitaji data.

Mzee afundishwe kabla ya safari

Kifaa asichokijua mwenyewe ni mzigo mwingine begani. Tangu sasa mzee apewe simu na pawabenki, aichaji mwenyewe kila siku, apige na kupokea, atume ujumbe wa sauti, na aizime milio kabla ya kuingia msikitini. Mjukuu akae pembeni bila kumnyang'anya. Familia ipange saa moja ya kila siku ya kuzungumza, baada ya Isha kwa mfano, na kwa saa nyingine zote wamwache mzee na ibada yake.

Kwa muhtasari, fedha iliyobaki Ikinga igawanywe hivi: pawabenki moja ya 10,000, waya mbili, adapta, soketi ya kuunganisha, mkanda wa ihramu, kava na kioo cha kinga. Ikibaki kidogo, kadi ya kumbukumbu. Ikizidi hapo, apewe mzee iwe matumizi yake ya njiani, kwa maana atayajua mwenyewe mahitaji yake kuliko sisi tulioketi nyumbani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amfikishe salama, aikubali Hijja yake, amrudishe kwa watoto wake akiwa na afya. Na kila msafiri wa Songwe, awe wa Makka au wa Mbeya, sauti yake iwafikie wanaomsubiri. Wabillahi tawfiq.