Kitanda cha Mama Katika Wodi ya Watoto Njiti

Takwimu mbili za afya ya watoto nchini Tanzania zinastahili kuandikwa ubaoni katika kila darasa la biolojia na kutazamwa pamoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walifariki kabla ya kutimiza umri wa miaka mitano. Uchunguzi wa namna hiyo hiyo wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Hayo ni mafanikio makubwa, na hapana shaka chanjo, vyandarua vyenye dawa, na tiba ya malaria, kuhara na homa ya mapafu vimechangia sana. Lakini katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilitoka 25 na kufika 24 tu. Maana yake ni kwamba hapo awali watoto wachanga walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya vifo vyote vya watoto wa chini ya miaka mitano. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa zaidi ya nusu.

Sababu yake si ngumu kuieleza. Chandarua humkinga mtoto na mbu, na chanjo ya surua hutolewa kuanzia miezi tisa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomwokoa mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, kabla ya siku zake kutimia, akiwa na uzito wa kilo moja na robo. Mtoto huyo, ambaye Watanzania humwita mtoto njiti, ana maadui wa aina nyingine: baridi, njaa, upungufu wa pumzi na vijidudu vya maradhi. Maadui hao hawangoji miezi. Hufanya kazi yao kwa saa na siku.

Hoja inayopasa kusemwa wazi ni hii: mojawapo ya mambo yanayowapa maadui hao nafasi ni desturi ya hospitali yenyewe ya kumtenga mtoto njiti na mama yake. Utafiti umekwisha kuonyesha kwamba desturi hiyo ina gharama ya uhai. Kwa hiyo wodi ya watoto njiti isiyo na kitanda cha mama haina budi kuhesabiwa kuwa wodi isiyokamilika, kama ambavyo ingehesabiwa ikiwa haina oksijeni.

Baridi katika nchi ya joto

Wanafunzi wengi watashangaa kusikia kwamba mtoto anaweza kufa kwa baridi hata Dar es Salaam. Hesabu ndogo itawaondolea mshangao. Mchemraba wenye upande wa sentimita 2 una eneo la uso la sentimita za mraba 24 na ujazo wa sentimita za ujazo 8. Kwa kila sehemu moja ya ujazo kuna sehemu tatu za uso. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una eneo la 6 na ujazo wa 1. Kwa kila sehemu moja ya ujazo kuna sehemu sita za uso. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mkubwa ukilinganishwa na ujazo wake, na ni katika uso ndimo joto linamopotelea.

Mtoto njiti ni mdogo, ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini ya ngozi hiyo ni haba, na huzaliwa akiwa ameloa. Joto la mwili wake lapasa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Likishuka, hulazimika kutumia sukari na oksijeni chache alizo nazo ili kujipasha moto, na hapo hupungukiwa nguvu za kunyonya na kupumua.

Sanduku na desturi iliyoambatana nalo

Katika miaka ya 1880, daktari Mfaransa Stéphane Tarnier alianza kutumia mjini Paris masanduku ya joto kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, yaliyofanana na mashine za kuangulia vifaranga. Chombo hicho kiliokoa maisha, na hata leo kinaokoa. Haifai kukidharau. Lakini kadiri kilivyoenea katika hospitali za dunia ndivyo ilivyoenea pamoja nacho desturi moja: mtoto awe na chumba chake, na mama awe na wodi yake. Mama akawa mgeni wa saa maalumu. Miaka ilivyopita, desturi hiyo ikachukuliwa kana kwamba ni kanuni ya sayansi, ingawa haikuwa imepimwa kwa jaribio lolote kubwa.

Mtu wa kwanza kuitikisa desturi hiyo kwa nguvu hakuwa na wingi wa vifaa, bali uhaba. Mwaka 1978, katika hospitali ya wazazi ya Instituto Materno Infantil mjini Bogotá, nchini Kolombia, Dakta Edgar Rey Sanabria aliona masanduku hayatoshi, watoto wamebanana na maambukizo yanaenea. Akawataka akina mama wawaweke watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wima, wakiwa wamefungwa vizuri kwa kitambaa, na wawalishe maziwa yao. Baadaye Dakta Héctor Martínez alijiunga naye katika kazi hiyo. Njia hiyo ikaitwa huduma ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia ambaye huzaa mtoto mchanga sana akamalizia kumkuza katika mfuko wa tumbo lake.

Njia hiyo ilipopimwa katika hospitali mbalimbali, ilionekana kwamba watoto wenye uzito mdogo ambao hali yao imekwisha kutulia hufariki kwa uchache zaidi, kwa takribani asilimia 40, wakitunzwa hivyo kuliko wakitunzwa kwa njia ya kawaida. Lakini masharti yalikuwa katika maneno hayo: ambao hali yao imekwisha kutulia. Mtoto ambaye bado anahangaika kupumua alipelekwa kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi, na kifua cha mama kikangoja. Ugumu wa mpango huo ni dhahiri. Watoto njiti wengi wanaofariki hufariki kabla hali yao haijatulia. Kwa hiyo tiba iliwangoja wale waliokwisha kuvuka hatari kubwa wenyewe.

Jaribio la nchi tano

Je, ingekuwaje kama mama asingengojeshwa? Swali hilo liliulizwa kwa utaratibu wa kisayansi kuanzia mwaka 2017, chini ya uratibu wa Shirika la Afya Duniani, katika hospitali tano: Kumasi nchini Ghana, New Delhi nchini India, Blantyre nchini Malawi, Ile-Ife nchini Nigeria, na Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilianza huduma ya kangaruu mara baada ya kuzaliwa, na ili jambo hilo liwezekane vitanda vya akina mama viliwekwa ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi wachanga. Kundi la pili lilitunzwa kama kawaida mpaka hali itulie, ndipo likaanza.

Yafaa ikumbukwe kwamba makundi yote mawili yalipata tiba ile ile: dawa, oksijeni na msaada wa kupumua. Kilichotofautiana kilikuwa mahali pa mtoto na mahali pa mama. Kundi la kwanza lilianza kugusana ngozi kwa ngozi yapata saa 1.3 baada ya kuzaliwa; la pili, yapata saa 54. Katika chumba cha mahututi, watoto wa kundi la kwanza walikaa kifuani kiasi cha saa 17 kwa siku. Wa kundi la pili, saa moja na nusu.

Mwezi Januari 2020 kamati huru iliyokuwa ikichunguza takwimu ilishauri kwamba jaribio lisiendelee kuandikisha watoto, kwa kuwa faida ilikuwa imedhihirika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika kundi lililongoja, watoto 15.7 kati ya kila 100 walifariki kabla ya kutimiza siku 28. Katika kundi lisilongoja, walifariki 12.0. Vifo vilipungua kwa robo. Mwanafunzi anaweza kuikokotoa tofauti hiyo kwa njia nyingine: 3.7 kati ya 100 ni sawa na mtoto mmoja zaidi aliyeokoka katika kila watoto 27. Hakuna dawa mpya iliyotumika, wala mashine mpya.

Sababu zake zinaeleweka. Kwanza, kifua cha mama hutoa joto: waliopatwa na baridi mwilini walikuwa asilimia 5.6 katika kundi la kwanza na 8.3 katika la pili. Pili, mtoto aliye kifuani huguswa na mikono michache, naye huzoea vijidudu vya mama yake badala ya vile sugu vya hospitali. Waliodhaniwa kuwa na maambukizo ya damu walikuwa asilimia 22.9 dhidi ya 27.8. Tatu, ziwa liko karibu. Nne, mama humwangalia mtoto wake mchana na usiku, jambo ambalo muuguzi mmoja mwenye watoto wengi hawezi kulifanya hata akiwa hodari namna gani.

Pingamizi na majibu yake

Wapo wanaosema kwamba mama ataleta uchafu katika chumba kinachopaswa kuwa safi. Takwimu za maambukizo zilizotajwa hapo juu zimekwisha kujibu. Wapo wanaosema kwamba mama aliyejifungua kwa upasuaji hawezi. Ni kweli kwamba yeye naye ni mgonjwa, na ndiyo maana wakunga na wauguzi wa watoto hawana budi kufanya kazi katika chumba kimoja, mama na mtoto wakihudumiwa pamoja. Katika jaribio hilo, mama alipokuwa hawezi, mtu aliyemchagua mwenyewe alimpokea mtoto kifuani. Bibi anaweza, baba naye anaweza, na joto la kifua chake ni lile lile.

Pingamizi lenye uzito zaidi latoka katika sayansi yenyewe. Jaribio jingine, lililofanyika katika hospitali tano nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2024, liliwachunguza watoto ambao hali yao ilikuwa haijatulia, na halikuonyesha tofauti ya maana katika vifo vya siku 7 za kwanza. Matokeo hayo hayafai kufichwa. Yanatukumbusha kwamba ngozi ya mama si hirizi. Hata katika jaribio la nchi tano, tofauti ya vifo katika saa 72 za mwanzo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa uwezekano wa bahati. Faida iliyo wazi ilionekana mwezi ulipotimia. Huduma ya kangaruu haichukui nafasi ya oksijeni, wala ya dawa, wala ya muuguzi mwenye ujuzi. Na mtoto asiyeweza kabisa kupumua bila mashine bado anahitaji mashine kwanza. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba mama arudishwe wodini kwake ni hatua isiyo na ushahidi wowote. Shirika la Afya Duniani, mwezi Novemba 2022, lilipendekeza kwamba watoto njiti na wenye uzito mdogo waanzishiwe huduma hiyo mara tu wanapozaliwa, isipokuwa walio mahututi kabisa, na wakae hivyo kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Jambo linalobaki kufanywa

Pendekezo lililoandikwa halimpashi mtoto joto. Mama hawezi kumbeba mtoto saa 17 akiwa amekaa kwenye benchi la korido. Anahitaji kitanda au kiti cha kuegemea, chakula, maji, choo kilicho karibu na ruhusa ya kukaa. Hayo ni mambo ya ramani ya jengo, ya bajeti na ya kanuni za wodi, na ndiyo maana ni rahisi kusahauliwa. Mashine mpya inapofika hospitalini hupigwa picha. Kitanda cha mama hakipigwi picha. Hata hivyo, katika chumba chenye umeme usiotabirika na fundi aliye mbali, mashine hiyo yaweza kusimama wiki nzima, na kitanda kikaendelea na kazi yake.

Kwa shule za sekondari, habari hii ina mafunzo zaidi ya moja. Ipo fizikia ya joto, ipo biolojia ya kinga, ipo hesabu ya asilimia na ya bahati nasibu. Zaidi ya hayo, lipo funzo kuhusu utafiti wenyewe: hospitali ya taifa ya nchi ya Kiafrika haikungoja kuletewa jibu, bali ilishiriki kulitafuta, na jibu hilo likabadili mwongozo wa dunia nzima. Baadhi ya wanafunzi wanaosoma leo watakuwa wauguzi, wasanifu wa majengo, wahandisi na wakuu wa wilaya. Siku watakapowekewa mezani ramani ya wodi mpya ya watoto wachanga, waulize kwanza mama atalala wapi, ndipo waulize bei ya mashine.