Anayesoma kwa Tabu Naye Tumheshimu



Ndugu wasomaji, kila mwaka jarida letu huwapongeza waliohitimu na walioongoza mitihani. Ni haki yao. Leo napenda kumzungumzia mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika orodha hiyo, yule asomaye kwa tabu. Mimi ni mama wa mmoja wao.

Mwanangu ana miaka 12 na ana hali iitwayo disleksia. Ubongo wake hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake. Huo si uvivu, wala si upungufu wa akili. Skuli, b na d humchanganya. Chuoni, bee, tee na thee, ambazo umbo lake ni moja na hutofautiana kwa nukta tu, zilimchukua zaidi ya mwaka. Alioanza nao wakahitimu Juzuu Amma, yeye akabaki na wadogo. Wapo waliomwita mzito, na wapo waliomcheka kila anapokwama.

Hakuwajibu. Kila alasiri huvaa kanzu na kofia yake, akachukua juzuu na kwenda zake. Usiku humwomba dada yake amsomee aya, naye akasikiliza na kurudia mpaka zikae kifuani. Ndipo hufungua juzuu, akayafuata kwa kidole maneno aliyokwisha kuyahifadhi. Njia hiyo aliibuni mwenyewe. Kwa mwendo huo, katika sura 37 za Juzuu Amma amebakisha 6.

Jamaa zetu wengine hunishauri nimpumzishe masomo nimtafutie kazi ya mikono. Kazi ya mikono ni heri, lakini haimzuii mtu kusoma. Na sisi Waislamu tunayo hoja kubwa zaidi. Katika hadithi ya Bi Aisha (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kusoma Qur'ani kwa kukwamakwama, huku ikimuwia ngumu, ana ujira mara mbili. Ikiwa huyo amepewa daraja hiyo, sisi tunapata wapi ruhusa ya kumcheka?

Basi enyi wanafunzi, mwenzenu akikwama msubirini. Kicheko kimoja chaweza kumtoa mtoto chuoni asirudi tena. Walimu wetu, msikilizeni anachohifadhi kabla ya kumpima kwa anachoandika, na mumuongezee muda. Wazazi wenzangu, msiwapime watoto kwa ndugu zao. Mpimeni kila mmoja kwa alipokuwa jana.

Mwanangu huenda asiwe wa kwanza darasani maisha yake yote. Mimi namwona kila siku akirudi kwenye jambo linalomshinda, bila kunung'unika, na kwa hilo najivunia kuwa mama yake. Alhamdulillah.

Allah (S.W.) awafungulie vifua watoto wetu wote, wepesi na wazito, na atupe sisi subira ya kuwangojea. Amin.