Asilaumiwe Aliyeibiwa

Kila ulaghai wa fedha unapofichuka, hutokea watu wa kuwacheka walioibiwa. Husema: wajinga ndio waliwao. Sisi tunaukataa usemi huo, kwa kuwa unamfariji mwizi.

Tuikumbuke DECI. Kuanzia mwaka 2007 kampuni hiyo, ambayo baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, iliwaita Watanzania “wapande mbegu” za fedha ili wavune kwa wingi baada ya miezi michache. Hapakuwa na shamba wala kiwanda. Mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata, na wa mwisho hakuwa na wa kumfuata. Serikali iliisimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Je, iliwezaje kupokea fedha za umma hadharani, bila leseni, kwa miaka miwili? Swali hilo wachekaji hawaliulizi.

Mwingereza Charles Dickens aliuona ugonjwa huu zamani. Katika riwaya yake Little Dorrit, iliyotoka kati ya 1855 na 1857, Bwana Merdle, tajiri anayenyenyekewa na wakubwa wote, kumbe ni mlaghai. Anapojiua, watu wengi wanafilisika. Lakini anayetusikitisha zaidi ni Pancks, mkusanyaji wa kodi za nyumba, hodari wa hesabu na asiye na hila. Anaweka fedha zake kwa Merdle, kisha anamshawishi rafiki yake Clennam. Naye Clennam anaweka za kampuni aliyoshirikiana na mwenzake, akaishia katika gereza la wadaiwa. Mjinga hapo yuko wapi? Kilichoibiwa ni imani ya mtu kwa mtu.

Hapa Kamsamba tunaishi kwa imani hiyo. Wakulima wa mpunga na ufuta hukopeshana na kusaidiana bila hati. Mlaghai wa leo, awe na ofisi au simu tu, humtuma kwako shemeji yako aliyekwisha “kuvuna” mara moja. Fedha zikipotea, hamsalimiani tena. Mama anauliza ada ya watoto, baba ananyamaza. Na aibu hiyo, inayochochewa na wachekaji, ndiyo inayowazuia watu kwenda polisi.

Tunadai walioibiwa wasikilizwe bila kebehi. Tena anayekuja kukusanya fedha kijijini aonyeshe kwanza leseni yake mbele ya mkutano wa kijiji, kabla hajapokea hata shilingi moja.