Mlima Unatunzwa na Wenye Kuula

BARAZA LA IJUMAA
Na Zuhura Mbarouk Salim

Watu wetu wengi wanaokwenda Maskati hurudi wakiwa wameliona soko la Mutrah, Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos na maduka makubwa yenye viyoyozi. Siku zinazobaki huishia kwa jamaa: leo kwa ami, kesho kwa shangazi, kila nyumba na halua yake na gahawa yake. Sina neno na ziara hizo, kwani kuunga udugu ni wajibu. Lakini nasema wazi kwamba mzazi anayeondoka Oman na watoto wake bila kupanda Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, amewanyima somo kubwa. Mlima ule unaonyesha jinsi watu wa nchi kame walivyoulazimisha mwamba utoe matunda, kizazi baada ya kizazi, pasipo kuuharibu.

Sisi tulipanda mwezi wa Aprili, mimi, mume wangu na watoto, tukichukuliwa na shangazi yangu na mwanawe ambaye ndiye aliyeshika usukani. Shangazi ni mzaliwa wa Unguja. Alihamia Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Wako wengi kama yeye, na ndiyo maana Mswahili akifika Maskati hapati shida ya kupata wa kuongea naye.

Safari ni ya siku moja. Ukitoka baada ya sala ya alfajiri, Magharibi inakukuta unarudi. Kutoka Maskati hadi Birkat al Mouz, mji ulio chini ya mlima, ni kama kilomita 140 za barabara pana. Njia inapita Samail, kwenye mwanya wa milima ya Hajar uliotumiwa na misafara tangu zamani kutoka pwani kuingia bara ya Oman. Milima ya hapo ni myeusi, mingine ya rangi ya kutu, na huoni hata kichaka. Wataalamu wa miamba husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kuyaona mawe hayo, maana ni sakafu ya bahari ya kale iliyosukumwa ikapanda juu ya nchi kavu. Binti yangu aliuliza kwa nini mlima unaitwa wa kijani ilhali haoni jani.

"Subiri, mwanangu," shangazi alimjibu. "Hujafika."

Pale Birkat al Mouz pana kituo cha polisi, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu safari hii. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupanda. Haijalishi dereva ni nani wala anamjua nani. Anayekuja na gari dogo analiacha pale, anatafuta la kukodi. Sababu unaiona mara tu mnapoanza kupanda: kona kali, mteremko mrefu, magenge ya kutisha. Pembeni zimejengwa njia za dharura za kupanda kilimani, ili gari lililokatika breki likimbilie huko badala ya korongoni. Binamu yangu alishuka jioni kwa gia ndogo mwanzo hadi mwisho, mguu wake ukigusa breki mara mojamoja, na akawa anawaeleza watoto ni kwa nini anafanya hivyo.

Barabara hiyo ya lami ni jambo la karne hii. Zamani watu wa mlimani walipanda na kushuka kwa miguu na kwa punda, wakibeba tende na samaki mkavu kwenda juu, makomamanga na marashi kuja chini. Mlima umeonja vita pia. Wafuasi wa Imamu Ghalib bin Ali walijichimbia huko katika miaka ya 1957 hadi 1959, wakipigana na Sultan Said bin Taimur. Ndege za Uingereza zilivipiga vijiji mabomu, na mwezi wa Januari 1959 makomando wa Kiingereza wakapanda usiku na kuiteka ngome hiyo. Mashamba unayoyaona leo yako katika nchi iliyopita katika moto huo.

Juu kabisa unafika kwenye uwanda wa Saiq, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukifungua mlango wa gari unadhani umebadilisha nchi. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo tulioiacha Maskati ikianza kuchemka tulijikuta tunatafuta masweta. Wageni wengi hukimbilia ukingo uliopewa jina la Binti Mfalme Diana wa Uingereza, aliyefika huko na mumewe Charles mwaka 1986; hupiga picha na kuondoka. Mandhari yake ni ya ajabu, sikatai. Ila aliyeishia hapo hajauona mlima. Shuka vijijini, Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, vilivyoning'inia juu ya genge. Kuna njia ya miguu inayoviunganisha, na mtoto wa shule ya msingi anaiweza akishikwa mkono.

Aprili ni msimu wa mawaridi. Huanza mwishoni mwa Machi na kuisha katikati ya Mei, na yanachumwa alfajiri kabla jua halijayakausha harufu. Tuliingia katika chumba cha mzee mmoja anayetengeneza marashi. Chumba ni kidogo, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Jiko ni la udongo na mawe, refu, lenye matundu juu, na kila tundu limekaliwa na chungu. Mzee alijaza mawaridi ndani ya chungu, akaweka bakuli la shaba katikati, kisha akafunika kwa chombo kingine cha shaba alichokijaza maji baridi. Mvuke ukipanda unagusa shaba ile baridi, unageuka matone, matone yanadondokea bakulini. Maji ya juu yakipata moto, anayabadilisha. Marashi yanayotoka huko si meupe kama maji. Yana rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi kwa mbali, na huachwa yatulie kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa.

Watoto wangu wameyajua marashi tangu wadogo, kwa kunyunyiziwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi. Lakini hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeamka usiku kuyachuma, wala kwamba kikapu kizima kinaishia kuwa chupa chache. Tulinunua kwa mkono wa mwenye kazi, na fedha ikabaki kijijini. Hivyo ndivyo utalii unavyotakiwa kuwa.

Tukaendelea kwenye mashamba. Yamejengwa kwa ngazi, kuta za mawe zilizopangwa moja juu ya nyingine kuanzia mlango wa nyumba hadi mdomo wa genge. Udongo wake umekusanywa na kushikiliwa na mikono ya watu. Humo mna makomamanga yanayovunwa kuanzia Agosti, miti ya jozi, vitunguu saumu na majani ya mifugo. Pembeni ya kila shamba unasikia maji yakitembea. Huo ndio mfereji wao, falaji, unaoyatoa maji kwenye chemchemi au chini ya ardhi na kuyashusha kwa mteremko tu, bila pampu, bila umeme. UNESCO iliingiza mifereji mitano ya Oman katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mmoja ukiwa Falaj al-Khatmeen wa pale Birkat al Mouz tulipopita. Mfumo huo bado unafanya kazi nchini humo katika mifereji ipatayo 3,000.

Ujenzi wake unashangaza, lakini mimi nilivutiwa zaidi na utaratibu wa kuyagawa maji. Yanagawanywa kwa muda. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Yupo msimamizi anayetambuliwa na wote. Maji ya kunywa na ya msikiti hutangulia, mashamba hufuata. Zamu inaweza kurithiwa, kukodishwa, hata kuwekwa wakfu. Binamu yangu alimwonyesha mwanangu wa kiume jiwe linalosogezwa kufungua mkondo huu na kuziba ule. Kijana alitaka kulisogeza. Akakatazwa mara moja, kwa upole lakini kwa uso mkavu: maji yale yana mwenyewe mpaka saa yake iishe. Naamini hilo hatalisahau.

Nisifiche upande wa pili. Wadi Bani Habib, bondeni kidogo, kuna kijiji kizima cha nyumba za mawe na udongo ambacho watu wamekihama. Vijana wanafuata kazi Nizwa na Maskati, na kuta za ngazi zisipokarabatiwa mvua moja kubwa inaziteremsha. Mlima unadumu kwa sababu wapo watu wanaoula, nao wanautunza kwa kuwa wanaula. Siku wakiondoka wote, barabara na hoteli hazitaushikilia.

Hapo ndipo ninapowageukia wasomaji wangu wa Dar es Salaam. Maji mengi tunayokunywa yanatoka Mto Ruvu, na Ruvu inazaliwa katika milima ya Uluguru. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuipanda? Tunaiona kwa dirisha la basi tukielekea Dodoma, basi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Morningside, lilipo jengo la enzi ya Wajerumani, panafikika kwa miguu kutoka mjini. Safari ya familia ya siku moja mlimani haihitaji pasipoti.

Kinachokosekana ni matayarisho, na hilo nawaambia wahusika bila kuzunguka. Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wekeni njia zenye alama anazoweza kuzifuata mzazi mwenye mtoto wa miaka minane. Wekeni vyoo. Wekeni kizuizi cha magari kinachomkatalia waziri kama kinavyomkatalia mkulima. Toeni nafasi kwa Waluguru wauze asali, ndizi, viungo na chakula chao wenyewe kando ya njia, bila dalali. Mgeni akija na dola karibuni, lakini mlima usipangwe kwa ajili yake peke yake.

Na mtunzaji wa kwanza awe mwenyeji. Tulishapata funzo hilo kwa gharama. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta kwa amri, bila kuwasikiliza, mpaka mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango wote ukafa. Matuta ya Jabal Akhdar yamesimama karne kwa karne kwa sababu aliyeyajenga ndiye aliyevuna. Matuta ya Uluguru yalianguka kwa sababu aliyechimba alikuwa anamchimbia bwana shamba. Mkulima wa Mgeta au Kinole akilima vibaya, tope linatufikia Ruvu na mabomba yetu yanakauka. Basi tuna haki ya kumtaka alinde chanzo, na yeye ana haki ya kututaka tumlipe kwa kazi hiyo, kwa kununua mazao yake kwa bei ya haki na kwa kuchangia ada ya maji inayorudi mlimani.

Mzazi unayekwenda Oman kuwaona ndugu, tenga siku moja. Nenda kati ya mwishoni mwa Machi na katikati ya Mei kwa mawaridi, Agosti hadi Oktoba kwa makomamanga. Beba sweta, viatu vya kufunga na maji ya kunywa, kodi gari linalokubalika, usilazimishe. Nunua kwa mkulima. Usiguse jiwe la mfereji.

Na wewe usiye na safari ya nje, likizo ya Juni ikifika wapandishe watoto treni uende nao Morogoro. Waonyeshe yanakotoka maji wanayooga kila asubuhi. Mtoto aliyeyaona maji yakitoka mwambani kwa macho yake hatakubali, akiwa mtu mzima mwenye kalamu ya kutia saini, msitu ule ukatwe.