Nifuateni Mimi Tu

"Nifuateni mimi tu." Ukipanda boti za kupiga mbizi kwenda Mnemba, kaskazini mashariki mwa Unguja, sentensi hiyo utaizoea. Kiongozi huisema bila ubaya wowote, na watu wazima wenye vyeti hutikisa vichwa. Hakuna anayeuliza tunashuka mita ngapi, mkondo unaelekea wapi, tukipotezana tufanyeje. Wanazama, wanakodolea mapezi yake, wanaibuka. Hao hawakupiga mbizi. Walipelekwa.

Cheti cha kwanza cha PADI, Open Water, humruhusu mtu kufika mita 18 akiwa na mwenza wake, bila kiongozi. Hicho ndicho alichosomea na kulipia. Halafu tunamfunga kamba kama mbuzi wa maonyesho na kuiita kamba hiyo usalama.

Usalama gani? Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Kwenye mita 30 ni mara nne, na kila pumzi hula mtungi kwa kiasi hicho hicho. Mwenye hofu humaliza hewa wakati jirani yake bado ana nusu mtungi. Kiongozi mwenye watu sita hawezi kuvuta pumzi kwa niaba yao. Huuliza kwa ishara ya mkono, kisha hugeuka kuwatafutia kasa, na mpaka ishara ijayo geji iko kifuani pako. Ukizoea kuulizwa, huitazami. Baya zaidi, mwenza anakufa kama wazo: kila mtu amefungamana na kiongozi, hakuna aliyefungamana na mtu wa ubavuni, ambaye ndiye angekufikia kwanza hewa ikikata.

Viongozi wana jibu, na si jibu la kitoto. Mtu akipotea, wa kwanza kuhojiwa ni wao. Cheti cha siku chache kilichokaa kabatini miaka mitano hakithibitishi kitu. Wapo wanaokanyaga matumbawe kama mkeka. Na mkondo wa Pemba hauna mjadala: pale kwenye kuta zinazotumbukia kizani, hata mimi nabaki nyuma ya mapezi, kimya. Lakini bustani ya matumbawe ya Mnemba siku ya maji mafu si Pemba. Kutumia kamba ile ile kote kote ni uvivu. Tena nyingine ni hesabu ya boti tu: wa kwanza akifika bar 50, wote juu, tukale.

Mbizi ya kwanza twende pamoja, kiongozi atupime. Ya pili, wawili walioonyesha utulivu wapewe kina, muda, kiwango cha hewa cha kugeukia, na boya la kupuliza wakiibuka mbali na boti. Asiyetaka aongozwe, si aibu. (Kwetu "mzamiaji" ni yule anayejificha melini kwenda Ulaya, na yeye angalau hujua anakoelekea.)

Kabla hujalipa, muulize kiongozi: mwenza wangu ni nani, na tukipotezana tunatafutana kwa muda gani? Kozi hufundisha dakika moja, kisha mnapanda mkutane juu. Akikujibu "nifuate mimi tu", boti bado iko ufukweni.