Nimechoka na Minazi

Wenzangu, mimi nimechoka na minazi. Nimechoka na mchanga mweupe pe, na upepo mwanana, na zaidi ya yote nimechoka na lile jua linalotua baharini. Hilo jua ndilo limenifanya nishike kalamu. Hebu toeni ramani. Pwani yetu inatazama mashariki. Malindi jua huchomoza baharini na kutua nyuma ya mji, huko bara kwenye vichaka. Sasa anapotokea mtu akaandika kwamba familia nzima iliketi ufuoni Malindi ikilitazama jua likizama taratibu katika Bahari ya Hindi, huyo hakuandika alichokiona. Amenakili kalenda ya ukutani. Na sisi tunampigia makofi!

Kila Januari tukikutana kusomeana kazi zetu, lazima zitokee mbili tatu za likizo ya pwani, na zote ni za tumbo moja. Buda amepata likizo. Mathe amefunga vyombo na vitumbua vya njiani. Watoto wamebanana ndani ya basi la usiku, au siku hizi ndani ya treni iliyoanza 2017, kisha matatu kutoka Mombasa mpaka Malindi ama Watamu. Wanafika, wanavua viatu, wanapiga kelele. Siku ya pili wanapanda mashua yenye kioo chini, wanamwaga vipande vya mkate na kuwaona "samaki wa rangi mbalimbali". Siku ya tatu wananunua makombe ya kuweka juu ya televisheni. Mwisho mtu anabusiwa, au anazama. Kwisha.

Samaki wa rangi mbalimbali! Bwana, Kiswahili kimezaliwa kando ya mwamba huo. Kila kinachopita chini ya kile kioo kina jina: changu, tewa, tafi, kikande, pono. Maji yana majina pia, bamvua na maji mafu, na ni hayo yanayoamua mashua itoke saa ngapi. Mwandishi wetu anaijua rangi ya nguo ya kuogelea ya msichana wa chumba cha pili, lakini samaki aliyemlipia nauli kumtazama hamjui kwa jina. Angemuuliza nahodha, angeambiwa. Hakuuliza, kwa sababu nahodha katika hadithi hizi hana kazi nyingine ila kucheka na kusema "hakuna matata".

Tumchukue huyo pono peke yake. Nani kati yetu hajawahi kuandika "akalala usingizi wa pono"? Tumeliazima jina la samaki kumwelezea mlevi wa River Road, na samaki mwenyewe tukakutana naye Malindi tusimtambue. Pono ana meno kama mdomo wa kasuku. Kutwa anakwangua mwamba na kusaga mawe yaliyokufa ili apate mwani wa kula, na kinachotoka nyuma yake ni mchanga. Naam, mchanga. Sehemu ya ule mchanga mweupe pe mnaoutungia mashairi ya mapenzi ni choo cha pono. Mimi naona hilo ni zuri kuliko mistari yote niliyosomewa juu ya mchanga. Lakini nani ataliandika, ikiwa tumeazimia kuuona ufuo kama kitanda cha hoteli?

Kosa hili si la majina tu. Nimesikia hadithi moja ikisifu matumbawe "meupe kama theluji". Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo sana, na ndani ya miili yao huishi mimea isiyoonekana kwa macho, inayowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula chao. Maji yakizidi joto, mnyama huitema ile mimea. Hapo ndipo anapobaki mweupe, na joto lisipopungua upesi, anakufa. Mwaka 1998, baada ya ile El Niño iliyotunyeshea mafuriko tangu mwishoni mwa 1997, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalifanya hivyo, na mengi hayakuamka. Joto likarudi 2016, likarudi tena 2024. Kwa hiyo huyo mwandishi alisimama mbele ya mgonjwa mahututi akamsifu kwa weupe wake.

Mtaniambia mwamba unalindwa. Ni kweli, na tangu zamani: mbuga za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa 1968. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kuvua hata dagaa. Basi hapo pana hadithi nzima ambayo haijasomwa kwenye vikao vyetu. Mtu anampeleka mgeni kutazama samaki mahali ambapo babu yake huenda alitega malema, naye akimvua mmoja tu kwa chakula cha wanawe anashikwa. Mimi siipingi mbuga. Bila mbuga pengine hata hao wa kutazama wasingekuwepo. Nasema tu kwamba huyo mtu, akiwa ameshika upondo na ametugeuzia mgongo, anafikiri kitu, na sisi tumemwandikia tabasamu.

Halafu kuna udongo. Hapa nitakaa kidogo.

Wengi wetu tumezaliwa Nairobi, na Mto Nairobi tunaujua kwa harufu. Unaingia katika Mto Athi. Athi unaporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, unapita Ukambani, unaingia Tsavo, unakutana na mto wenye jina hilohilo na kuitwa Galana, na ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Unamwagika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua ikinyesha juu huku, kwenye miteremko tuliyoikata miti na mashamba tuliyoyalima bila matuta, udongo unasafiri na mto. Unafika pwani kabla yetu, wala haukukata tikiti.

Sasa angalieni upepo. Kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Machi ni kaskazi. Kaskazi huyasukuma maji ya Sabaki kuelekea kusini, yaani kwenye ghuba ya Malindi na kwenye mwamba wenyewe. Na sisi likizo tunapewa Desemba. Ndiyo maana buda anafika na familia yake, anasimama ufuoni na kaptula mpya, na bahari iliyo mbele yake ni rangi ya chai ya maziwa. Mathe anasonya. Ati wenyeji wa huku hawatunzi bahari! Ile mimea iliyomo ndani ya tumbawe inataka mwanga, na tope linaufunika. Likitua, linamfukia mnyama mwenyewe. Na tope hilo limetoka kwetu.

Katika hadithi zote za likizo nilizosikia, hakuna hata moja yenye maji ya kahawia. Zote zina maji ya samawati. Wanafamilia waliyaona ya kahawia, wakalalamika safari nzima ya kurudi, na kijana wao aliyekaa dirishani na daftari akaandika samawati. Kwa nini? Kwa sababu samawati ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi ya matangazo. Lakini wenye mahoteli wana watu wao wa kuandika hayo, na wanawalipa. Sisi tunaandika bure, halafu tunadanganya bure.

Najua jibu lenu. Likizo ni likizo, mtu amejinyima mwaka mzima, aachwe apumzike. Apumzike! Buda apumzike, mathe apumzike, mtoto ajenge nyumba yake ya mchanga. Ninayemsema ni yule mwenye daftari. Huyo hakwenda likizo siku alipoanza kujiita mwandishi.

Desemba haijafika. Atakayekwenda Malindi, asubuhi moja awaache wengine wakinywa chai, apande matatu ya Mambrui. Kabla ya kufika kuna daraja la Sabaki. Amwambie makanga amshushe hapo, asimame pembeni palipo salama, kisha atazame yale maji yanavyopita chini, na yanaelekea upande gani.