Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Jeraha Lisiloandikwa Popote

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Barua hii inahusu afya ya muuguzi akiwa kazini, yaani madhara ambayo kazi yenyewe humletea anayeifanya, na hasa jeraha moja dogo ambalo hutokea wodini, likafutwa kwa pamba na spiriti, kisha lisionekane katika kumbukumbu yoyote ya hospitali: kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika kwa mgonjwa.

Hatari ya jeraha hilo inafahamika. Muuguzi asiye na kinga anapochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 6 na 30, kutegemea wingi wa virusi katika damu hiyo. Kwa virusi vya UKIMWI ni takribani asilimia 0.3, nao hupungua sana iwapo aliyechomwa ataanza mapema dawa kinga, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Ugonjwa ulio rahisi zaidi kuambukizwa ndio wenye chanjo, nayo hutolewa kwa dozi 3 katika muda wa miezi 6. Watoto wa Tanzania walianza kuipata katika ratiba ya kawaida mwaka 2002, kwa hiyo wauguzi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kwa utaratibu huo, ingawa ndio hao hao wanaowachanja watoto wa wenzao kliniki kila siku.

Zamu ya usiku ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini jeraha hilo halifiki katika daftari. Muuguzi aliyebaki na mhudumu mmoja katika wodi iliyojaa anamwekea kanula mgonjwa anayehangaika, boksi la kutupia vitu vyenye ncha kali limefurika ilhali lilipaswa kufungwa lilipofika robo tatu, naye, kwa kukosa pa kuitupa sindano, anajaribu kuirudishia kifuniko na kujichoma kidole. Utaratibu unamtaka aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni bila kulikamua, atoe taarifa, apimwe na aanze dawa mara moja. Lakini kutoa taarifa ni kuiacha wodi bila muuguzi. Kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambako dawa hizo huwekwa mara nyingi, imefungwa hadi asubuhi. Atakayempima ni mfanyakazi mwenzake, na swali la kwanza atakaloulizwa na kiongozi wake huenda likawa kwa nini alirudishia kifuniko. Anayenyamaza katika mazingira hayo hanyamazi kwa ujinga, maana utaratibu wenyewe umeufanya ukimya kuwa nafuu kuliko ukweli.

Gharama ya ukimya huo huja baadaye. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamlinda anayeumia au kuugua kutokana na kazi, lakini muuguzi atakayegundulika na homa ya ini baada ya miaka kadhaa, bila taarifa ya usiku ule na bila kipimo cha damu cha siku ya tukio, atapata shida kubwa kuthibitisha kwamba maradhi aliyapata wodini. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo inamtaka mwajiri kupima afya za wafanyakazi kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 12 mfululizo kila siku. Uchovu unaotokana na kuvuka ukomo huo unastahili barua yake. Hapa itoshe kusema kwamba mkono uliochoka ndio unaochomwa.

Wizara inaombwa, kwa kushirikiana na Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), ambayo ndiyo msimamizi wa hospitali za halmashauri, ihakikishe kwamba hakuna muuguzi wala mwanafunzi wa uuguzi anayepangiwa wodi kabla ya kuanzishiwa chanjo. Kwamba dawa kinga zinapatikana saa zote katika kitengo cha dharura. Na kwamba taarifa za majeraha zinapokelewa na mtu asiye kiongozi wa wodi, kwa namba badala ya jina. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, viongozi huwapongeza wauguzi kwa moyo wao wa kujitolea. Kabla ya hotuba za mwaka ujao, kila hospitali itakiwe kuleta idadi ya majeraha ya sindano yaliyoripotiwa, na hospitali kubwa itakayoleta sifuri ndiyo ikaguliwe kwanza.